Kwenye karatasi nachora vizuri, kwenye tableti mistari inatetemeka: niiuze?

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Mkuu habari. Mi nachora kwa penseli muda mrefu, hasa sura za watu, na watu wananipa kazi. Juzi nimenunua tableti ya kuchorea, ile ndogo isiyo na skrini, unachomeka kwenye laptopu kwa USB. Aisee naona aibu. Mistari inatetemeka, duara linatoka yai, nikilenga jicho kalamu inatua kwenye pua. Niiuze ninunue yenye skrini? Na programu gani inamfaa anayeanza, na nifanye mazoezi gani?"

Ndugu yangu, usiiuze kwanza. Ukisoma vizuri ulichoandika utaona umetaja mambo matatu ukayaweka kapu moja, wakati kila moja lina chanzo chake. Duara kutoka yai ni setingi, mkono wako hauhusiki hata kidogo. Kalamu kutua puani ni nusu setingi nusu macho. Kutetemeka ndo kwa mkono, na hata hapo kuna hesabu ndani yake ambayo mnunuzi haambiwi dukani. Wengi wanaokata tamaa wanafanya mazoezi juu ya kifaa ambacho hakijapangwa, yani wanaufundisha mkono kufidia kosa la kompyuta, alafu siku kompyuta ikirekebishwa mkono ndo unakuwa na kosa. Kwahiyo kifaa kwanza, mkono baadae.

Tuanze na hilo yai. Tuseme sehemu inayochoreka kwenye tableti yako ina upana wa sentimita 16 na kimo cha sentimita 10, hizi ndogo nyingi ziko karibu na hapo. Skrini za laptopu nyingi ni pikseli (vinukta vya picha) 1920 kwa 1080. Draiva, yani programu inayoiunganisha tableti na kompyuta, ikiachwa yenyewe inachukua tableti nzima inaitandaza juu ya skrini nzima, kona kwa kona. Sasa chora duara la sentimita 5. Kwa upana hizo ni 5 kati ya 16, unapata pikseli 600, kwa kimo ni 5 kati ya 10, unapata 540. Mkono umechora duara kabisa, skrini inaonyesha kitu kilichobonyea kwa asilimia 10. Na kama umechomeka skrini ya pili na draiva imezichukua zote mbili ndo balaa, upana unakuwa 3840, duara lako linatoka 1200 kwa 540, hapo hata mchoraji mkongwe angeonekana hajui kitu. Kama huamini chukua kifuniko cha chupa kiweke juu ya tableti, kizungushie kalamu taratibu bila kubadilisha mlalo wake, alafu tazama skrini.

Dawa yake ni dakika mbili. Fungua programu ya draiva (sio ya kuchorea, ile ya tableti yenyewe), nenda sehemu ya eneo la kazi, chagua skrini moja tu ile unayochorea, kisha tafuta kisanduku cha kulinda uwiano ukitiki. Kipande cha chini cha tableti kitakufa, kwa vipimo vya hapo juu ni kama sentimita moja, wacha kife.

Ukiwa humohumo malizia na mengine. Draiva ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza tableti yako, iwe Wacom, Huion, XP-Pen au nyingine, na kama kompyuta iliwahi kuwekwa draiva ya kampuni tofauti itoe kabisa, restati, ndo uweke mpya, maana draiva mbili zikikaa pamoja zinagombana na dalili zake hazieleweki, leo presha (kalamu kusoma unavyoikandamiza) ipo kesho haipo. Hakikisha kalamu iko kwenye hali ya kalamu na sio ya maus. Kwenye hali ya maus mshale unaendelea pale ulipouacha, kwenye hali ya kalamu kila nukta ya tableti ina nukta yake kwenye skrini, ukigusa kona ya juu kulia ya tableti mshale uko kona ya juu kulia ya skrini, kila siku, bila kubadilika. Mkono unakariri hilo. Bila hilo hauna cha kukariri.

Wa Windows wana mtihani wao wa ziada. Ukigusa ukatulia kidogo unaona kaduara kanatokea kuzunguka mshale, na mwanzo wa mstari unachelewa au unanyooka wenyewe, hiyo ni Windows inadhani unataka klik ya kulia. Zima hiyo kitu ya kubonyeza na kushikilia kwenye setingi za kalamu za Windows. Na kama presha haipo kabisa, mstari unatoka unene mmoja hata ukandamize vipi, kwa Krita (programu ya kuchorea nitakayokushauri hapo chini) ingia kwenye setingi zake upande wa tableti, kuna chaguo mbili za njia ya kuisoma kalamu, Wintab na ile ya Windows yenyewe, hamia ile ambayo haikuchaguliwa, funga Krita ufungue tena. Palepale kuna kitufe cha kujaribia tableti, kinakuonyesha presha inasomeka au haisomeki, kwahiyo huna haja ya kubahatisha. Kwenye Mac ugomvi mara nyingi ni ruhusa, draiva haijaruhusiwa kwenye setingi za faragha basi kalamu inafanya kazi nusunusu au haifanyi kabisa.

Sasa jicho na pua. Nina uhakika mkubwa umeilaza tableti yako kwa mshazari, vile ulivyozoea kulaza karatasi. Kwenye karatasi haina shida kwasababu mchoro umelala pamoja na karatasi. Kwenye tableti mchoro uko kwenye skrini na skrini haijalala, kwahiyo ukivuta mkono ukadhani unaenda sawa na ukingo wa meza, mstari kwenye skrini unapanda au unashuka. Iweke mbele ya skrini katikati, kingo zake ziwe sambamba na kingo za skrini, kibodi isogeze pembeni upande wa mkono usiochora. Ukipata mkao unaoupenda bandika vipande vidogo vya tepu mezani ili kesho irudi palepale, hili dogo linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Ukitaka mlalo wa karatasi zungusha turubai (ukurasa unaochorea) ndani ya programu, kwenye Krita ni namba 4 na 6, namba 5 inarudisha wima. Kama unatumia mkono wa kushoto draiva ina sehemu ya kuigeuza tableti nyuzi 180 ili vitufe vikae upande wa pili.

Setingi zikikaa vizuri kinachobaki ni macho, na hapo hakuna njia ya mkato ila kuna njia fupi. Kwenye karatasi macho yako yalikuwa yanafuata ncha ya penseli. Hapa macho yanakaa juu kwenye skrini na mkono uko chini hauonekani, kama kurudisha gari nyuma kwa vioo, mwanzo unageuza shingo kila saa, baadae unaamini kioo. Njia fupi ni kuweka maus kando kwa wiki moja hivi na kutumia kalamu kwa kila kitu, kufungua mafaili, kuskroli, kubofya vile vialama vidogo vya kufungia dirisha. Inaudhi, najua. Lakini kila klik ni zoezi la kulenga na huna haja ya kutenga muda wa mazoezi.

Na kuna kitu wanaotoka kwenye penseli wanakipuuza: kalamu inasomeka kabla haijagusa. Ukiiinua kama sentimita moja juu ya tableti mshale bado unatembea. Penseli haina hiyo, ikiinuka imeinuka. Wewe itumie. Usishushe kalamu ukitumaini itatua jichoni, ielee kwanza, macho yaone mshale uko wapi, usogeze mpaka ufike, ndo uguse. Na kwa mstari mrefu ifanye iruke hewani juu ya njia mara mbili tatu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukiona mshale unapita unapotaka basi mzunguko unaofuata gusa bila kupunguza mwendo. Hili likishakuwa tabia, kukosea jicho ukagusa pua kunaisha karibu kwenyewe.

Tuje kwenye kutetemeka. Hesabu niliyosema ni hii: tableti yako ina upana wa sentimita 16, skrini ya laptopu ya inchi 15.6 ina upana wa kama sentimita 34. Kila unachofanya kwa mkono kinaonekana mara mbili na zaidi. Ukichomeka skrini ya inchi 24, ambayo upana wake ni kama sentimita 53, inakuwa mara tatu na kitu. Ule mtetemo mdogo ambao mkono wa kila binadamu unao, na ambao kwenye karatasi unamezwa na unene wa penseli na ukwaru wa karatasi, hapa umekuzwa mara tatu na umewekwa juu ya plastiki laini inayoteleza. Kwahiyo mkono haujaharibika, umewekewa lenzi tu.

Ukishajua hivo unajua cha kufanya. Sehemu za mambo madogo, kope, nywele, kona ya mdomo, zumu mpaka sehemu hiyo ijae skrini, maana ukizumu mtetemo unabaki uleule lakini kwenye mchoro unakuwa mdogo. Mstari mrefu wa taya au wa bega fanya kinyume, rudisha nyuma uone mchoro wote, chora kwa mwendo wa haraka na kwa kiwiko, sio kwa kifundo. Mstari wa polepole ndo unaotetemeka. Watu wanapunguza mwendo ili wasikosee na ule upole ndo unawakosesha. Kuhusu uso kuteleza, bandika karatasi ya kawaida juu ya tableti kwa tepu, kalamu inasomeka kupita karatasi bila shida na utapata ule ukwaru uliouzoea, gharama yake ni kwamba ncha ya kalamu inalika haraka zaidi.

Alafu kuna msaada wa programu wa kulainisha mstari. Krita unaukuta kwenye chaguo za zana (Tool Options) ukiwa umeshika brashi ya mkono huru, una viwango kadhaa, kuna usio na msaada kabisa, kuna wa kawaida, kuna wa uzani (Weighted), na ule mzito ambao mstari unaburuzika nyuma ya kalamu. Mi nashauri ule wa kawaida na uuache hapo. Ule mzito unatoa mistari mizuri sana na unakufundisha kitu kibaya sana, unazoea kungoja mstari ukufikie, na siku unayohitaji mstari wa haraka wenye uhai huna. Kwa kazi ya wino safi sawa, uwashe, kisha uuzime.

Presha nayo. Kwenye boksi wameandika viwango vya presha 8192 au 16384 kwa herufi kubwa, usibabaike, tofauti ya hizo namba mkono hauioni. Unachokiona ni kalamu inaanza kusoma kwa mguso mwepesi kiasi gani, na mstari unanenepa haraka kiasi gani. Kwenye draiva kuna kagrafu ka presha unakokavuta kwa kalamu. Wanaotoka kwenye penseli wanakandamiza sana, kwahiyo kavute ili uzito wa kati wa mkono wako utoe karibu unene wote. Kama vidole vinauma baada ya kuchora muda kidogo, bado unakandamiza, kavute tena. Na ncha ikishalika upande mmoja ikawa na ukingo mkali ibadilishe, usingoje, itakwaruza tableti. Mara nyingi za akiba zinakuja kwenye boksi pamoja na kapete au kashimo ka kuchomolea.

Programu sitakuchosha. Chukua Krita, ni ya bure, inaenda kwenye Windows, Mac na Linux, imetengenezwa kwa ajili ya kuchora. GIMP ni nzuri ila roho yake ni kuhariri picha. Inkscape ni ya vekta (michoro inayokuzwa bila kupoteza ukali), nembo na vitu vya namna hiyo. Clip Studio Paint wanaipenda wa katuni na ni ya kulipia, Photoshop ni ya kulipia kila mwezi, Procreate ni ya iPad tu kwahiyo hata usiitafute. Chagua moja ukae nayo. Na tafadhali usishushe mafurushi ya brashi, wiki nzima itaisha unajaribu brashi na hakuna mchoro. Brashi moja ngumu ya duara inayonenepa kwa presha, moja ya kujazia rangi, na kifutio, zinatosha kwa muda mrefu. Kwenye Krita herufi E inageuza brashi yako kuwa kifutio, ukishika Ctrl unachota rangi iliyopo kwenye turubai, ukishika Shift ukaburuza unakuza au kupunguza brashi. Na M inageuza mchoro kulia kushoto kwa kuangalia tu bila kubadilisha faili, wewe wa sura za watu hii utaipenda na kuichukia, jicho moja likiwa juu ya lingine linajitangaza palepale.

Mazoezi sasa. Za kuunganisha nukta na nukta, miduara ndani ya viboksi, mistari sambamba, fanya dakika kumi za kupasha mkono kabla ya kazi, zaidi ya hapo inachosha na watu wanaacha. Zoezi la kweli kwako wewe ni kupitia juu ya michoro yako mwenyewe ya penseli. Piga picha mchoro mmoja, kamera iwe juu yake kabisa isilale, uingize kwenye Krita kama leya (tabaka moja la mchoro), punguza nguvu yake mpaka iwe kivuli tu, ifunge isiguswe, weka leya mpya juu yake na uanze kupitisha mistari. Faida yake ni kwamba maswali ya umbo ulishayajibu kwa penseli, kinachobaki ni mkono na kalamu mpya peke yake.

Chukua kope la juu la jicho. Zumu jicho lijae. Pitisha kalamu hewani kutoka kona ya ndani mpaka ya nje mara mbili. Gusa kona ya ndani kwa wepesi, mstari uanze mwembamba kabisa, ongeza uzito taratibu unapopanda, ukifika juu ya mboni uwe mnene kuliko kote, alafu achia unaposhuka mpaka kalamu inainuka yenyewe kwenye kona ya nje. Mstari mmoja, sio vipande vipande kama vinyweleo. Ukikosea Ctrl+Z, lakini jiwekee mwiko, mara tatu, ya tatu ikitoka vyovyote vile inabaki na unaenda kope la chini. Ctrl+Z isiyo na mipaka ni ugonjwa, mtu anachora mstari mmoja mara arobaini na mara ya arobaini mkono umechoka ni mbaya kuliko wa kwanza. Penseli haikukuruhusu hivo na ndo maana mkono wako wa penseli ni mzuri.

Ukubwa wa turubai: kama utachapisha A4 fungua pikseli 2480 kwa 3508, ndo A4 kwa DPI 300 (nukta 300 kwa kila inchi), na ufanye hivo tangu mwanzo kwasababu mchoro mdogo ukikuzwa baadae unapoteza ukali. Lakini jua uzito wake. Leya moja iliyojaa ya ukubwa huo inakula kama megabaiti 35 za RAM, leya 30 zimepita gigabaiti moja, na laptopu ya RAM ya gigabaiti 4 itaanza kugugumia, brashi inachelewa, na utadhani tena ni mkono. Kwa mazoezi pikseli 2000 upande mrefu zinatosha kabisa. Leya zako zipe majina, penseli, mistari, rangi, na ya rangi ikae chini ya mistari, utajiokoa na ile hasira ya kupaka rangi muda wote kumbe uko kwenye leya ya mistari. Sevu kwa .kra, hiyo ndo inatunza leya, ya kumtumia mtu toa PNG.

Yenye skrini je? Inaondoa shida moja, ile ya macho na mkono kuwa sehemu mbili. Kutetemeka haiondoi, kioo kinateleza vilevile, na mkono wako unaziba nusu ya mchoro, kitu ambacho sasa hivi hukipati. Nyingi zina waya wa picha, wa USB na wa umeme, zinakula meza, zinapata joto, na shingo inainama muda wote. Ukikaa na hii ndogo miezi kadhaa ikiwa imepangwa kama nilivyosema na bado kulenga ndo kunakukwamisha, hapo nunua, na ukinunua angalia kioo chake kiwe kimegandishwa na skrini, kwenye zile zenye nafasi katikati ncha ya kalamu na mstari vinaachana kidogo na kukalibreti (kulinganisha kalamu na skrini kwa setingi) hakumalizi tofauti yote. Hii uliyonayo usiigawe, wapo wachoraji wenye zote mbili ambao kazi ndefu wanairudisha kwenye isiyo na skrini kwa ajili ya shingo tu.